Mashauri ya Mume na Mke katika Nchi ya Ziwa

Mapadre Weupe walipoanzisha misioni ya Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883, hawakukuta nchi isiyo na waamuzi. Mume na mke wakiachana, wazee waliketi pamoja na jamaa za pande mbili, wakawasikiliza.

Mizani ya mashauri hayo ilikuwa ng'ombe. Kwa desturi ya Wasukuma, ndoa ikivunjika mahari yalirudishwa, yakipunguzwa kwa ajili ya watoto waliozaliwa; nao watoto wa mke aliyetolewa mahari walihesabiwa kuwa wa ukoo wa baba. Tena mara nyingi ng'ombe wale walikuwa wamekwisha kutolewa kwingine, ili kaka wa yule mke apate kuoa. Kwa hiyo wazee walijitahidi kupatanisha, maana nyumba moja ikianguka iliitikisa ya pili. Hapo palikuwa na hekima, na hatari pia: mke aliyepigwa aliweza kurudishwa kwa mumewe kwa kuwa ng'ombe hawapo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuyatupa mashauri ya wazee. Iliagiza kila kata iwe na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Jumuiya za dini nazo zaweza kukubaliwa kuwa na mabaraza yao. Isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, mtu haombi talaka mahakamani ila Baraza limekwisha kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Lakini Baraza halivunji ndoa, wala haligawi mali. Hayo ni ya mahakama.

Mizani nayo imebadilika. Katika kuamua mtoto akae na nani, mahakama hutanguliza faida ya mtoto mwenyewe. Kisha hutazama matakwa ya wazazi, ya mtoto aliye na akili ya kusema, na desturi. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Basi, ninyi wazee na walimu mwitwao kusuluhisha, msimrudishe mtu penye fimbo ili msifiwe kwa kupatanisha. Hata wasioweza kukaa pamoja tena waweza kupatana mbele yenu, nani atamlisha mtoto, atasoma wapi, na mzazi wa pili atamwona lini. Ulizeni hayo kwanza, kabla ya kuuliza habari za ng'ombe.