Arosto

Daktari husema “dalili za kukosa dawa”. Vijiwe vya Dar es Salaam husema arosto. Humpata mtumiaji wa heroini saa chache tu baada ya kutumia unga mara ya mwisho: miayo, makamasi, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kuruka. Asemaye “nina arosto” anataja ugonjwa, kama mwingine asemavyo ana homa, na hapo kijiwe kimewashinda wanaoona uhuni mtupu. Methadoni, dawa iliyoanza kutolewa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, hulenga ugonjwa huo huo. Dozi moja ya kunywa, mbele ya mhudumu, huizuia arosto kwa takriban siku nzima (ndiyo maana hutolewa kila siku), na mtu akapata utulivu wa kuzungumza na mshauri, kula, hata kwenda kazini.