Mbiu na Jambo Lake

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, walisema wahenga. Hawakutuambia itakuwaje watu wakiisikia mbiu wasilione jambo lenyewe. Mji wa Mwanza ulilijua hilo mwaka 2006.

Filamu ya hali halisi iitwayo Darwin's Nightmare, kazi ya Mwaustria Hubert Sauper, ilitoka mwaka 2004. Yasimulia habari za sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, akawala samaki wengi wa asili, kisha akawa bidhaa ya ng'ambo. Minofu yake hupakiwa ndegeni kwenda Ulaya. Vichwa na mifupa, yaani mapanki, hubaki na kukaangwa kwa ajili ya wenyeji. Sauper aliuliza ndege hizo huja na nini, akadokeza silaha. Mapema mwaka 2006 filamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Kwa Watanzania wengi, hata hivyo, kionjo cha filamu hiyo hakikutoka kwa mtunzi wake. Kilikuwa hotuba ya Rais Jakaya Kikwete ya mwisho wa Julai 2006, mojawapo ya zile alizolihutubia taifa kila mwezi. Alikanusha habari za silaha, akasema filamu yaichafulia nchi jina. Agosti, watu wakaandamana Mwanza kuilaani. Neno mapanki likaenea nchi nzima; picha zenyewe walizitazama wachache.

Rais alikuwa na haki ya kujibu. Kudokeza si kuthibitisha, na hata Ufaransa mwanahistoria François Garçon alikuwa ameshaitilia shaka kazi hiyo. Lakini anayeitangulia kazi kwa sauti huwa amekwisha kuifasiri, na msikilizaji huja kuitazama, kama huja, akiwa na hukumu mkononi.

Je, kionjo cha redio kingeliwatendeaje haki watu wa Mwanza? Redio haina macho, basi sauti zenyewe zingelitosha: mngurumo wa ndege ya mizigo ikitua kando ya ziwa, mafuta yakichemka karaini, mwanamke aimbaye kuisifu Tanzania mbele ya marubani, ambaye aliuawa kabla filamu haijakamilika. Asiongezewe neno la kumhurumia wala la kumshutumu. Lifuate swali moja lisilojibiwa: ndege hizi huja na nini? Mwisho watajwe ukumbi, siku na saa. Nusu dakika yatosha.

Hilo la mwisho laonekana dogo, nalo ndilo kubwa. Tangazo lisilomwelekeza mtu mahali pa kujionea humwachia uvumi tu, liwe la kusifu au la kulaani. Sisi tulelewao na mashairi twaijua kazi ya mshororo wa kwanza: hufungua mlango, hauufungi. Kionjo ni mshororo huo. Kituo ni haki ya msikilizaji, akishaona.