Mzee Aliyetetemeka na Protini Yenye Anwani

Juzi nimeitazama tena video ya Muhammad Ali akiwasha moto wa Olimpiki kule Atlanta, mwaka 1996. Mkono ule unaotetemeka ulinikumbusha mzee mmoja wa mtaani kwetu. Watu walisema karogwa, wengine wakasema ni pombe. Nilikuwa mtoto, na mimi nikasema hivyo hivyo.

Ugonjwa wa Ali ni Parkinson. James Parkinson, daktari wa London, aliuandikia kijitabu mwaka 1817 akieleza habari za wagonjwa sita. Mwaka 1912 Mjerumani Friedrich Lewy alichungulia kwa darubini bongo za marehemu waliougua hivyo, akaona madonge ya ajabu ndani ya seli. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, akiwa Paris, aliyakuta kwenye sehemu nyeusi ya ubongo inayotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mwendo wa mwili. Akayapa jina la Lewy. Lakini yameumbwa na nini? Swali hilo lilikaa miaka 78.

Jibu lilianzia kwa samaki! Mwaka 1988 Luc Maroteaux na wenzake wawili, huko Marekani, walikuwa wanachunguza taa, yule anayepiga shoti ya umeme. Wakapata protini iliyokaa mahali pawili: kwenye ncha za neva, yaani sinapsi, ambapo ujumbe huvuka kwenda seli nyingine, na kwenye kiini cha seli, yaani nukleasi. Wakaunganisha maneno hayo, wakaiita sinukleini. Jina lake ni anwani yake.

Nusu ya anwani hiyo ina utata. Waliofuata waliikuta hasa kwenye ncha, jirani na vifuko vinavyobeba kemikali za ujumbe. Habari ya kiini inabishaniwa mpaka leo.

Mwaka 1997 mambo yakafunguka. Watafiti waliofuatilia ukoo mmoja wa Kiitalia wenye Parkinson ya kurithi walikuta kosa kwenye jeni ya alfa-sinukleini. Mwaka huo huo Maria Grazia Spillantini na wenzake wakaonyesha kwamba madonge ya Lewy yamejaa protini hiyo hiyo. Kumbe ilikuwa imerundikana na kuganda mahali pasipo pake.

Dawa ya kuponya haijapatikana, lakini levodopa hupunguza dalili. Mzee wetu hakuwahi kuionja, maana alipelekwa kwa mganga. Ndugu msomaji, ukimwona mtu anatetemeka, kabla hujamtafuta mchawi, mpeleke hospitali.