Idhini ya Mzazi ni Amana: Watoto wa Korogwe na Handeni Katika Majaribio ya Tiba

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Miongoni mwa mas-ala yanayowagusa wazazi wa Kiislamu ni hili: nani mwenye haki ya kuruhusu mtoto mdogo apewe tiba, na ruhusa hiyo ina mipaka gani? Tutaliangalia kupitia historia ya karibu ya wilaya mbili jirani za mkoa wa Tanga, Korogwe na Handeni, ambako watoto wengi waliingizwa katika utafiti wa malaria.

Yaliyotokea

Mwaka 2007, Korogwe pamoja na Kilifi ya Kenya zilianza jaribio la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kwa watoto 894 wenye umri wa miezi 5 hadi 17. Baadhi yao walipewa chanjo hiyo, na wengine chanjo ya kichaa cha mbwa ili makundi mawili yalinganishwe. Matokeo yalitolewa Desemba 2008: malaria ilipungua kwa asilimia 53 katika muda wa wastani wa miezi minane. Mwaka 2009 likaanza jaribio kubwa zaidi, la watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Kwa Tanzania vituo vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Matokeo ya mwisho, mwaka 2015, yalionesha punguzo la asilimia 36 hivi kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi zote nne, na asilimia 26 hivi kwa wachanga. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike.

Huko Handeni, katika vijiji vya upande wa Segera, mwaka 2008 na 2009 watoto 612 wa miezi 6 hadi 60 walipewa madini ya zinki na virutubisho vingine, ili ijulikane kama vitawakinga na malaria. Zinki haikupunguza malaria. Tena, kwa watoto waliokuwa na upungufu wa madini ya chuma, ilionekana dalili kwamba mchanganyiko wa virutubisho uliongeza idadi ya homa za malaria.

Wazazi wa pande zote mbili walitafuta kheri ya watoto wao. Upande mmoja faida ilidhihiri, upande wa pili haikudhihiri. Basi idhini haipimwi kwa matokeo, kwani matokeo yako katika elimu ya Allah. Hupimwa kwa namna ilivyotolewa na aliyeitoa.

Waliyosema wanavyuoni

Imamu an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277), katika Minhaj at-Talibin, kitabu kilichosomeshwa sana katika pwani yetu, anaeleza kuwa baba na babu wanaweza kuruhusu mtoto akatwe uvimbe hata kama kuna hatari, maadamu hatari ya kuuacha ni kubwa zaidi. Mtawala hana ruhusa hiyo. Yeye anaruhusiwa lile lisilo na hatari tu, na matibabu mepesi kama kupiga chuku. Akimfanyia mtoto lililokatazwa na mtoto akafa, diya iko juu yake, katika mali yake mwenyewe. Wafafanuzi wa kitabu hicho wakataja sababu: mtawala hana nafasi ya kumwangalia mtoto mmoja kwa makini, wala hana huruma kamili kama ya mzazi.

Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) naye ameeleza kuwa wanavyuoni wa madh-hab yake walimdhaminisha tabibu, hata aliye hodari, akimkata mtoto bila idhini ya walii wake na yakatokea madhara. Kisha akataja uwezekano wa kutomdhaminisha, kwa kuwa alikusudia wema.

Sasa tulinganishe. Chanjo iliyokwisha kujulikana iko karibu na kupiga chuku: hatari yake ni ndogo na inafahamika. Dawa ya majaribio hatari yake bado inatafutwa, na mtoto anayepewa huenda ni mzima. Kwa hiyo kuipima hatari yake ni kazi ya walii. Hawezi kuipima kama hakuelezwa.

Nani aweke saini?

Katika jaribio la chanjo, mzazi aliweka saini, na asiyejua kusoma aliweka dole gumba mbele ya shahidi. Utaratibu huu ni mzuri. Lakini aliyempeleka mtoto kituoni mara nyingi ni mama, na baba huenda yuko kwenye mashamba ya mkonge au mjini. Tena kwa Wazigua, ambao ukoo wao wa asili hufuata upande wa mama, mjomba naye ana sauti. Katika madh-hab ya Shafi, malezi ni haki ya mama, ama uwalii ni wa baba, kisha babu. Mjomba hashauriwi isipokuwa kwa heshima. Hatusemi mama arudishwe nyumbani na mtoto mgonjwa. Tiba ya lazima haingoji. Ama jaribio huweza kungoja siku mbili, baba apate habari.

Sheria ya nchi, yaani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inamhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18. Inatanguliza maslahi yake, na inataka mwenye uwezo wa kutoa maoni asikilizwe. Hili si geni kwetu: madh-hab ya Shafi humpa mtoto aliyefikia kupambanua hiari ya kuchagua baina ya wazazi waliotengana.

Nasaha

Enyi wazazi, mkiletewa karatasi ulizeni: Je, hii ni tiba au ni jaribio? Mtoto wangu atafaidika nini, na wengine watafaidika nini? Akidhurika nani atamtibu? Naweza kumtoa kesho? Asiyejibiwa asisaini. Na aliyejibiwa akaona kheri, asizuiwe na uvumi, kwani watoto wanaochanjwa leo wanafaidika kwa subira ya watoto wa Korogwe. Mtoto si mali ya mzazi hata amtoe apendavyo. Ni amana, na kila mchungaji ataulizwa juu ya alichokichunga.

Wallahu a'lam.