Tufani ya 1872 na Bahari ya Watoto Wetu

Ndugu zetu, kila Desemba tukishamaliza hotuba na gwaride la watoto, tunapakia mikeka, jiko la mkaa na mishikaki, tunaelekea ufukwe wa Sealine. Watoto wetu waliozaliwa Doha wanaijua bahari hivyo: maji ya kina kifupi, na upepo wa shamali ukizidi, tunarudi garini. Wanapouliza kama nyumbani kuna vimbunga kama vile vya Marekani wanavyoviona kwenye televisheni, tumezoea kuwajibu, "Kwetu hakuna, ni mvua za masika tu."

Tumewadanganya bila kukusudia.

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Zanzibar. Ilikuwa mwezi ambao kaskazi imekwisha na kusi inaanza, majahazi ya Uarabuni na Ghuba yakijiandaa kurudi makwao. Vyombo vilivyokuwa bandarini viliharibika vibaya, zikiwemo karibu meli zote za Sultani Barghash bin Said, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili katika utawala. Mashambani, sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'olewa. Mkarafuu si muhogo. Mche mpya huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa.

Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Bei ya karafuu ikapanda, wenye mashamba wakageukia huko, na tangu hapo Pemba ndiyo inayoongoza kwa karafuu. Wapemba tulio nao hapa Doha hutaniwa kwa harufu ya karafuu, lakini wachache wetu tunajua kwamba upepo wa siku moja una mkono wake katika habari hiyo. Sehemu chungu nayo tusiwafiche watoto: mashamba mapya ya Pemba yalilimwa na watumwa. Waingereza walipokuja mwaka 1873 kudai biashara hiyo ikomeshwe, Barghash alilalamika kwamba tufani ilikuwa imekwisha kuwafilisi watu wake. Hakusikilizwa. Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini mkataba na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Hatusemi tufani ndiyo iliyolifunga. Madai ya Waingereza yalikuwa ya miaka mingi. Lakini ilimkuta Sultani hana meli wala karafuu za kutegemea.

Meli mpya, Glasgow, aliipata baadaye. Hiyo nayo ilizamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na milingoti yake ilibaki imechomoza bandarini kwa miaka mingi.

Wenyeji wa Ghuba wanaikumbuka dhoruba yao. Ile ya mwaka 1925, iliyozamisha majahazi ya wapiga mbizi wa lulu, waliipa mwaka wake jina: Sanat al-Tab'a, mwaka wa kuzama. Sisi ya kwetu wengi hatukuisikia hata shuleni.

Ni kweli kwamba vimbunga ni nadra kwetu. Karibu na ikweta upepo haupati mzunguko wa kutosha, kwa hiyo vingi huelekea Madagaska na Msumbiji. Nadra, lakini vipo. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Mwezi Mei 2024 kikaja Hidaya. Wengine wetu tulikuwa zamu ya usiku wodini, tukichungulia simu kila tukipata nafasi, kwa sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetaja Mafia, na Mafia tuna wazazi. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Mvua ikaikata barabara ya Lindi pale Somanga. Katika makundi yetu ya simu, penye maombi na dua, palikuwa pia na waliocheka: "Kimbunga Tanzania? Acheni kutisha watu." Huko Mafia mawimbi yalikuwa yanapanda.

Msimu wake ni Novemba hadi Aprili, mara nyingine hadi Mei. Familia kadhaa zimeanza kupanga likizo ya Aprili, Unguja na Kilwa, ili watoto wakaogelee na bibi zao wakiwatazama. Waende. Wapelekeni Mkunazini, kisha mkawaonyeshe mikarafuu. Na mkiambiwa siku hiyo boti haziondoki, msimbembeleze nahodha.