Vitegemezi vya programu ya kuagiza chakula

Vitegemezi ni vifurushi vya msimbo vilivyoandikwa na watu wengine, ambavyo bila hivyo programu haiundiki wala haifanyi kazi. Programu ya simu ya kuagiza chakula huwa navyo vingi kuliko mwenyewe anavyodhani: cha ramani, cha mahali alipo mteja, cha arifa, cha picha za vyakula, cha kuzungumza na seva, na kila kimoja huja na vitegemezi vyake vya ndani. Kuvisanidi ni kuamua kipi kiingie, kwa toleo lipi, kitoke ghala gani, na kipi kikataliwe hata kama ni cha bure.

Nchini Kenya huduma ya kuagiza chakula kwa simu ilianzia mijini. Hellofood iligeuka kuwa Jumia Food mwaka 2016, Uber Eats ikaingia Nairobi mwaka 2018 na Glovo mwaka 2019. Jumia Food ilifungwa mwishoni mwa Desemba 2023. Mfano unaofuatwa hapa ni wa mahali pengine kabisa: Bumula, eneo bunge la kaunti ya Bungoma lenye wadi saba, zikiwemo Kimaeti, Kabula, Khasoko na Siboti. Ni nchi ya mashamba na masoko madogo, ambako kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi vikitoka hotelini hufuata njia za vumbi juu ya bodaboda. Mradi unaolengwa huko na kuandikwa kwa Flutter, zana ya Google iliyotoka toleo la 1.0 Desemba 2018, hupangwa tofauti na ule wa Westlands, Nairobi.

Orodha ya vitegemezi vya mradi wa Flutter hukaa katika faili liitwalo pubspec.yaml. Mstari kama http: ^1.2.0 maana yake ni kwamba toleo lolote kuanzia 1.2.0 linakubalika, mradi lisifike 2.0.0. Hii inatokana na desturi kwamba namba ya kwanza hupandishwa pale tu mwandishi wa kifurushi anapobadilisha jambo litakalowaharibia watumiaji kazi. Kwa vifurushi ambavyo bado vinaanza na sifuri, mpaka unasogea karibu zaidi: ^0.18.0 inaishia kabla ya 0.19.0. Amri flutter pub get husoma orodha, hutafuta mchanganyiko wa matoleo unaoridhisha kila upande, kisha huandika matokeo kamili katika pubspec.lock. Kanuni inayofanya utafutaji huo, PubGrub, iliundwa na Natalie Weizenbaum mwaka 2018. Faili hilo la pili ni lazima litunzwe pamoja na msimbo. Likiachwa nje, fundi aliye Kitale na mwenzake aliye Bungoma huenda wakaunda programu mbili zisizofanana kutoka msimbo uleule, na mdudu atakayeonekana kwa mmoja asionekane kwa mwingine.

Mgongano wa matoleo hueleweka vizuri zaidi kwa kutazama Kiswahili chenyewe. Ili vitufe na tarehe za programu zisomeke kwa Kiswahili, mradi huongezewa flutter_localizations, sehemu ya Flutter ambayo tayari ina lugha hii. Sehemu hiyo nayo hutegemea kifurushi cha intl kwa toleo moja tu lililofungwa: Flutter 3.22 ya Mei 2024 ilidai 0.19.0, na Flutter 3.32 ya Mei 2025 ikadai 0.20.2. Sasa chukua kifurushi cha kalenda ambacho mwandishi wake aliandika intl: ^0.18.0 kisha akakiacha bila kukigusa tena. Havitakaa pamoja. Amri ile ya pub get itakataa na kutaja wagomvi wote wawili kwa majina. Wengi hapo hukimbilia dependency_overrides, yaani kulazimisha toleo moja kwa nguvu. Programu huundika, lakini kifurushi cha kalenda sasa kinaendeshwa juu ya toleo ambalo mwandishi wake hakuwahi kulijaribu, na kitakapoanguka kitaangukia mkononi mwa mteja. Heri kukitupa na kuandika mistari michache ya kwako. Kwa upande wa saa, kazi hiyo haikwepeki hata hivyo: intl hutafsiri majina ya siku na miezi, ila haihesabu saa kama zinavyohesabiwa Bumula, na chakula cha saa saba mchana kitaandikwa 13:00 au 1:00 mpaka mtu aondoe sita mwenyewe.

Malipo ndiyo kitegemezi kinachokosewa zaidi. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na Safaricom ikafungua lango la Daraja kwa waandishi wa programu mwaka 2017. Ombi likitumwa Daraja, simu ya mteja huonyesha dirisha la kuweka namba ya siri, kile Wakenya wanachokiita STK push. Vipo vifurushi vya watu binafsi vinavyoahidi kufanya yote hayo kutoka ndani ya simu. Visiingizwe. Ombi hilo huhitaji funguo za siri za mwenye biashara, na faili la programu likishasambazwa, yeyote mwenye subira anaweza kulifungua na kuzichota. Mahali pake ni kwenye seva: programu hutuma namba ya oda tu, seva huomba tokeni inayodumu saa moja, hupanga namba ya mteja ianze na 254 badala ya sifuri, kisha husubiri jibu la Daraja katika anwani iliyotajwa ndani ya ombi. Jibu laweza kuchelewa, kwa hiyo oda huhitaji hali ya kusubiri iliyo kati ya kulipwa na kukataliwa. Upande wa simu, kitegemezi cha malipo kinabaki kuwa http peke yake.

Kwa ramani kuna njia mbili za kawaida. google_maps_flutter ni nzuri ila hudai akaunti ya malipo kwa Google. flutter_map huonyesha ramani za OpenStreetMap, nayo seva za OpenStreetMap hutaka programu ijitambulishe na hukataza kupakua vipande kwa wingi. Vyovyote iwavyo, pini haitoshi mahali pasipo majina ya barabara. Dereva atafika kwa kuambiwa kanisa, kinu cha kusagia au shule iliyo karibu. Kisanduku cha maandishi na kitufe cha kupiga simu hufanya kazi hiyo bila kifurushi kizito.

Uzito wenyewe si jambo dogo. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ulioanzishwa na Safaricom na Google Julai 2020, uliwafikishia watu simu za Android Go kwa shilingi 20 kwa siku. Ni simu za kumbukumbu ndogo. Kila kitegemezi chenye msimbo wa kina wa mashine huongeza ukubwa wa programu, na programu kubwa hufutwa picha zikijaa. Kwa wenye kabambe, yaani simu za kawaida za vitufe, hakuna kifurushi cha Flutter kitakachosaidia: wao huhudumiwa kwa USSD na SMS kupitia kampuni kama Africa's Talking ya Nairobi, iliyoanzishwa 2010, ikiunganishwa na seva ileile ya oda.

Bando la fundi nalo huhesabiwa. Katika gradle-wrapper.properties, kiolezo cha Flutter huelekeza kupakua Gradle, zana ya kuundia programu za Android, iliyofungwa pamoja na nyaraka zake, yenye jina linaloishia na -all.zip. Kuibadilisha iwe -bin.zip hupunguza mzigo bila kupoteza chochote kinachohitajika kuunda programu. Vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa hubaki kwenye folda ya akiba ya kompyuta, na flutter pub get --offline huvitumia pasipo mtandao. Hata folda hiyo ya akiba hubebeka kwa flashi hadi mashine nyingine.

Vitegemezi huzeeka hata mradi usipoguswa. Februari 2021 JFrog ilitangaza kuifunga JCenter, ghala lililotegemewa na miradi mingi ya Android, na wenye miradi ikabidi wahamie Maven Central. Aprili 2023 zana ya Android ya kuunganishia Gradle ilifika 8.0: ikataka JDK 17, na ikataka kila maktaba itaje nafasi-jina yake katika build.gradle yake yenyewe. Programu-jalizi ambazo waandishi wake walikuwa wameondoka zilikwama hapo. Nalo duka la Google Play hupandisha kiwango kila mwaka: tangu 31 Agosti 2025, programu mpya na masasisho lazima zilenge Android 15, na programu ya zamani isiyofikia angalau Android 14 haionekani kwa mteja mpya mwenye simu ya Android mpya kuliko ile inayolengwa na programu hiyo.