Shule ya Bweni Katikati ya Vita: Alliance ya Miaka ya Hatari Ikitazamwa Kutoka Naitiri

Wasomi wa zamani wa huku kwetu Naitiri na jirani, kuanzia Bungoma hadi Kitale, hupenda kusema kwamba Kenya ya kati ilipokuwa ikiwaka moto miaka ya Hali ya Hatari, Shule ya Upili ya Alliance pale Kikuyu iliendelea kusoma kana kwamba vita havikuwepo. Sifa zote hupewa mwalimu mkuu, Edward Carey Francis. Dai hili lina ukweli wake, lakini linaficha mengi.

Aliyetupa nyenzo za kulipima ni jirani yetu. Benjamin Kipkorir, mwana wa Marakwet, kule kwenye vilima vya Cherang'any, aliandika tasnifu yake ya Cambridge ya mwaka 1969 kuhusu Alliance na chimbuko la tabaka la wasomi Waafrika wa Kenya. Mwaka 1980 akarudi kwa Carey Francis katika kitabu cha wasifu alichokihariri, kitabu kilichohusu ubeberu na ushirikiano na wakoloni. Kumweka mwalimu mkuu aliyependwa vile katika kitabu cha namna hiyo kulihitaji ujasiri. Maandishi haya hayasomwi sana. Wasomaji wengi wameijua Alliance ya wakati wa vita kupitia kumbukumbu za mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, na wengine kupitia masimulizi ya wamisionari.

Historia ya awali inajulikana. Muungano wa misheni za Kiprotestanti ulifungua shule mwaka 1926. Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyekuwa afisa wa mizinga katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alifika Maseno mwaka 1928 na kuhamia Alliance mwaka 1940. Alikaa hapo hadi 1962. Vita vya Pili vya Dunia vilipita, kisha tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring akatangaza Hali ya Hatari dhidi ya uasi wa Mau Mau.

Tuanze na safari moja. Januari 1955 Ngũgĩ, kijana wa Limuru aliyepata nafasi Alliance, alifika stesheni na sanduku lake. Limuru na Kikuyu si mbali, lakini hakuwa na kibali cha kusafiri, na kwa Mkikuyu wa wakati huo bila kibali hapakuwa na safari. Treni ya abiria ikamwacha. Ilibidi mfanyakazi wa reli amhurumie na kumpakia katika behewa la mizigo. Hivyo ndivyo mwanafunzi wa shule bora ya Waafrika nchini alivyofika kuanza masomo.

Reli hiyohiyo inaendelea hadi Nakuru, Eldoret, Turbo na Bungoma. Kijana Mbukusu au Mluo hakubanwa na vibali hivyo, kwa kuwa viliwekwa kwa ajili ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Yeye na mwenzake Mkikuyu walivaa sare moja na kukaa dawati moja, na likizo ilipofika yeye alipanda treni kwenda kwao bila wasiwasi, huku mwenzake hajui atakuta nini nyumbani.

Ngũgĩ alikuta hakuna nyumbani. Muhula wa kwanza ulipokwisha alirudi akakuta boma lao limebomolewa, na watu wote wamehamishiwa kijiji cha lazima cha Kamirithu. Kuanzia mwaka 1954 serikali iliwahamisha watu zaidi ya milioni 1 kwa njia hiyo. Kaka yake Wallace Mwangi alikuwa msituni na Mau Mau. Ndugu yake mwingine, Gitogo, kiziwi, alipigwa risasi na askari kwa kutosikia amri ya kusimama. Kijana huyu alitarajiwa kurudi shuleni, kukaa kitako na kufanya hesabu. Na alifanya.

Maisha ya bweni yalimsaidia. Palikuwa na ibada, usafi wa mabweni, michezo, skauti, midahalo, na tamthilia ya Shakespeare iliyoigizwa kila mwaka. Carey Francis mwenyewe alifundisha hesabu. Walimu Waafrika kama Joseph Kariuki, aliyekuwa pia mshairi, waliwaonyesha wanafunzi kwamba kalamu haina kabila. Mtoto wa chifu na kijana mwenye kaka msituni walikula meza moja na kijana wa Pwani au wa Nyanza. Katika nchi ambayo serikali ilikuwa ikiwapanga watu kwa kabila na kwa kipande, kuishi pamoja namna hiyo ni mafanikio makubwa kuliko vyeti vya Cambridge, ambavyo navyo vilipatikana kwa wingi.

Je, sifa hizo ni za Carey Francis? Aliwapinga Mau Mau waziwazi, lakini pia alilalamikia ukatili wa vikosi vya serikali, jambo ambalo Wazungu wengi wa wakati wake hawakuthubutu kulifanya. Kwa hiyo sikubaliani na wanaomwita kibaraka na kuishia hapo. Kipkorir alikataa njia hiyo rahisi: alitaka tuone jinsi mtu mwema anavyoweza kuutumikia mfumo mbaya kwa moyo mweupe.

Sina subira kama hiyo kwa Ripoti ya Corfield ya mwaka 1960, iliyobebesha shule huru za Wakikuyu sehemu kubwa ya lawama za Mau Mau. Katika wilaya ya Kiambu, ilimo Alliance yenyewe, palikuwa na chuo cha Githunguri, chuo cha ualimu kilichofunguliwa mwaka 1939 na kuongozwa na Mbiyu Koinange, mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa Alliance. Wazazi walikijenga kwa michango yao. Serikali ilikifunga Hali ya Hatari ilipotangazwa, na baadaye pakawa mahali pa kunyongea watu. Alliance ilisalimika kwa nidhamu, ndiyo, na pia kwa sababu serikali iliamua ni shule ipi iishi na ipi ife. Mwenye kusimulia ushindi wa Alliance bila kuitaja Githunguri amesimulia nusu.

Nasi huku magharibi vita hivyo vilitufikia kwa njia ya shule. Kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano, walioshtakiwa kuongoza Mau Mau, ilisikilizwa Kapenguria, katika darasa la shule ya kilimo, na mawakili wao, akiwemo D. N. Pritt, walilazimika kulala Kitale na kusafiri kila siku. Mmoja wa washtakiwa hao, Paul Ngei, alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Alliance. Tarehe 8 Aprili 1953 walihukumiwa miaka 7 ya kazi ngumu. Mwaka uliofuata Masinde Muliro, mwana wa Kimilili, alirudi kutoka Cape Town na kufundisha Alliance ya wasichana, jirani kabisa na kwa Carey Francis. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Naitiri wakati huo ilikuwa ya walowezi. Wengi wetu tulipata mashamba hapa baada ya uhuru, kwa mipango ya makazi, na shule zetu zimekuja baadaye. Pengine ndiyo maana tunaazima kumbukumbu za wengine na kuzipamba. Lakini nasi tunao wazee waliopanda treni ya Bungoma kwenda kusoma Kikuyu, Maseno au Yala, ingawa wamebaki wachache. Mwenye babu au nyanya wa aina hiyo amketishe sasa na kumwandika, na mwenye barua au picha za shule za miaka hiyo azipeleke Makumbusho ya Kitale kabla mchwa hawajazimaliza. Historia ya shule wakati wa vita isiachiwe wakuu wa shule peke yao.